Sindano Zilizonolewa kwa Jiwe

Kengele ya shule ikishalia, Kageha hakwenda nyumbani moja kwa moja kama wenzake wa darasa la sita. Alipita sokoni, akiruka madimbwi ya mvua ambayo Kakamega haiyakosi, akaingia katika duka la baba yake kando ya barabara ya Mumias. Aliweka mkoba nyuma ya kaunta, akanawa mikono, akaikausha barabara, kisha akangoja mteja. Mkono wenye maji haukugusa santuri. Hiyo ilikuwa sheria ya duka, na Bwana Phineas hakuwa mtu wa kurudia sheria mara mbili.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Bendera mpya ilipepea mbele ya ofisi za serikali, na karibu kila aliyepata mshahara alitamani kuwa na gramafoni nyumbani, majirani wasikie kwamba naye amefika. Duka la Bwana Phineas lilikuwa chumba kimoja tu. Lilikuwa na rafu za santuri, gita moja ukutani, na benchi refu barazani. Mwisho wa benchi, juu ya kigoda chake, aliketi Fundi Cleophas, mtengenezaji wa gramafoni, mtu mpole aliyeongea kidogo na kupiga mluzi kutwa.

Hapo kwa Phineas santuri ilionjwa kwanza. Mteja alikaa kwenye benchi, akasema anachopenda, naye Kageha akamwekea santuri aisikilize upande mzima. Ikimpendeza aliinunua. Isipompendeza alishukuru akaenda zake, na hakuna aliyemnunia. Bwana Phineas alikumbuka nani anapenda gita, nani anapenda kwaya, na nani alikuja mjini kusikiliza bure tu. Hata hao wa bure aliwakaribisha. "Leo anaonja," alisema, "mwezi ujao atanunua."

Kazi ya Kageha hasa ilikuwa sindano. Gramafoni za siku hizo zilitumia sindano ndogo ya chuma, kama mwiba wa mchongoma, iliyopita juu ya santuri na kutoa sauti. Santuri ikishacheza upande mmoja, ncha ya sindano ilikuwa imelika. Kageha aliichomoa, akaitupa katika mkebe mtupu wa maziwa, akatia mpya kutoka katika kikopo cha bati.

"Sindano moja, upande mmoja," baba yake alimfundisha. "Usinifanyie ubahili hapo."

Maisha yalikwenda hivyo mpaka Kinubi ilipofika mjini.

Maduka ya Kinubi yalikuwa Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, na sasa wakafungua tawi Kakamega, upande wa pili wa soko. Lilikuwa duka la vioo, lenye taa za umeme zilizowaka hata mchana. Santuri zao zilikuwa nyingi na bei yao ilikuwa ya chini, maana walinunua kwa makreti wakati Bwana Phineas akinunua kwa kubembeleza. Kule hapakuwa na kuonja. Ulionyesha kwa kidole kupitia kioo, ukalipa, ukapewa mfuko wa karatasi wenye picha ya kinubi. Watu wakaanza kutembea mjini na mifuko ile hata kama ndani mlikuwa na viazi.

Bwana Phineas aliiona mifuko ikipita mbele ya duka lake, akanyamaza. Siku moja akashindwa kunyamaza. "Mtu wa duka hili akikanyaga kule," alisema, akimtazama Kageha, kisha Cleophas, "asirudi hapa."

Cleophas aliacha kupiga mluzi.

Hata sindano zikaanza kuadimika. Mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuwa akiziuza aliwapa Kinubi kwanza, na wadogo wakagawana masalio. Kageha alimsikia baba yake akilalamika kwamba kikopo kimekaribia kwisha na kingine hakijulikani kitakuja lini. Akafikiri. Nyumbani, Guku Navalayo, mama mzazi wa baba yake, hakutupa kitu. Panga lilipokuwa butu alilinoa kwenye jiwe lililokuwa kando ya mlango wa jikoni, akalitumia tena. Guku alikuwa na panga ambalo lilikuwa limenolewa mpaka likawa kama kisu.

Basi Kageha akaanza kubeba zile sindano zilizotupwa katika mkebe wa maziwa. Jioni, kabla ya kuteka maji, alikaa kwenye lile jiwe la Guku akazinoa moja moja mpaka zikamchoma kidole. Kesho yake alizirudisha kimyakimya katika kikopo cha sindano mpya. Hakumwambia mtu. Alitaka baba yake ashangae siku moja mwenyewe kwa nini kikopo hakiishi. Alijiona mwerevu, na kwa kweli alikuwa na bidii. Ila bidii isiyoulizwa maswali inaweza kumpeleka mtu mbali sana na anakokwenda.

Majuma machache baadaye, Mzee Ismael wa Mumias alifika na santuri chini ya kwapa. Alikuwa mteja wa siku nyingi, muuza sukari guru, aliyepanda basi kila siku ya soko.

"Asalaam alaikum, Phineas."

"Alaikum salaam, Mzee. Karibu uonje kitu."

"Leo sionji. Nimerudisha." Aliiweka santuri kaunta. "Hii kitu yako inakaanga samaki. Mtu anaimba, na samaki wanakaangwa nyuma yake. Mimi nakujanga hapa kila soko, hujawahi kuniuzia namna hii."

Bwana Phineas aliicheza. Kweli, chini ya sauti ya mwimbaji palikuwa na mchakacho mbaya. Akambadilishia. Lakini kabla ya juma kwisha walikuja wengine na malalamiko yaleyale. Mmoja, mwalimu wa shule, hakuficha alichofikiri. "Watu wanasema unauza santuri zilizokwisha kutumika. Unazipangusa, unaziuza kama mpya. Kule Kinubi hakuna mtu amerudisha."

"Nani anasema?" aliuliza Bwana Phineas.

"Watu."

Hao "watu" ni wabaya kuliko mtu mmoja, kwa sababu huwezi kwenda kugonga mlango wao. Tangu siku hiyo duka liliingiwa na shaka. Bwana Phineas alizikagua santuri zilipofika, akazikagua jioni, na bado zilirudi zikikaanga. Alimshuku dereva wa basi aliyezileta, wateja walioonja, hata kijana mmoja aliyezoea kusimama mlangoni kukwepa mvua. Neno lake lilikuwa moja tu: kuna mkono unaoharibu mali yangu.

Kageha naye akaanza kuchunguza. Alipima kila uso ulioketi kwenye benchi. Mtu akicheka, alijiuliza anacheka nini. Mtu akinyamaza, alijiuliza anaficha nini. Usiku alikosa usingizi kwa hofu ya kweli, maana alimsikia baba yake akimwambia Guku kwamba mambo yakiendelea hivi atafunga duka, warudi wote Maragoli kulima mahindi, na ada ya shule itajulikana huko mbele. Kageha aliipenda shule. Duka alilipenda zaidi.

Alasiri moja, akitoka sokoni kununua chumvi, alimwona Fundi Cleophas. Hakuwa kigodani pake. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma wa Kinubi, akitazama kulia na kushoto kama mtu anayevuka barabara. Kageha alijibanza nyuma ya kibanda cha muuza ndizi. Baada ya muda Cleophas alitoka na gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na kitu kizito, chenye kona. Alizunguka nyuma ya soko, njia ndefu isiyopita mbele ya duka la Phineas.

Ndiye, Kageha alijiambia. Anaharibu santuri zetu, na Kinubi wanamlipa. Mambo yote yaliyomsumbua yakaingia mahali pake mara moja, na ikawa raha kuyaona yakiingia. Ule mluzi wake ulikuwa wa unafiki. Ule upole wake ulikuwa wa unafiki.

Alimkuta baba yake peke yake.

"Baba, nimemwona Fundi. Ametoka Kinubi kwa mlango wa nyuma. Amebeba gunia."

Bwana Phineas alitua kalamu. "Gunia lilikuwa na nini?"

Hapo ndipo Kageha angesema, "Sijui." Neno ni fupi, na ndilo lililokuwa la kweli. Lakini aliona uso wa baba yake, jinsi ulivyokuwa na njaa ya jibu, akaogopa kwamba "sijui" itaharibu kila kitu alichokigundua.

"Santuri," alisema.

"Uliziona?"

"Niliziona."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bwana Phineas polepole. "Wahenga hawakukosea."

Cleophas aliporudi, barazani palikuwa na watu. Bwana Phineas hakungoja waondoke.

"Cleophas, uliingia Kinubi au hukuingia?"

Fundi alitazama chini. "Niliingia. Ngoja nikueleze, Bwana Phineas."

"Kwa mlango wa nyuma, na gunia. Umeonekana. Kageha ameona santuri ndani."

Cleophas aliinua macho akamtazama Kageha. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao, na huo mshangao ulimchoma Kageha kuliko matusi.

"Ameziona?" aliuliza.

Kageha alitazama kikopo cha sindano. 

"Basi kama zimekwisha kuonekana, mimi nitaeleza nini," alisema Cleophas. "Mtu akishaamua wewe ni mwizi, hata ukikohoa anasema unaita wenzako." Alikusanya bisibisi zake katika kitambaa, akakifunga, akashuka barazani. Kigoda alikiacha.

Habari ilienea mjini kabla ya jua kuzama. Muda mfupi baadaye Cleophas hakupata hata mtu wa kumpa saa ya ukutani atengeneze. Nani ampe kitu mtu anayebeba magunia kwa milango ya nyuma? Alionekana akiketi kwa watengenezaji baiskeli ng'ambo ya barabara, akiwasaidia kuziba mpira. Hakupiga mluzi.

Na santuri ziliendelea kukaanga.

Kageha alijipa sababu. Alisema moyoni kwamba hizo zilizorudishwa ni zile Cleophas alizoziharibu zamani. Bwana Phineas hakujipa sababu yoyote. Alikuwa amebakiwa na tumaini moja.

Miezi kadhaa nyuma alikuwa amempeleka Nairobi kijana aliyeitwa Masinde, mpiga gita ambaye watu wa Kakamega walimjua kwenye arusi na matanga. Masinde alipiga gita lake kwa vidole viwili, na mwenzake alimfuatisha kwa kukwaruza msumari kwenye mikunjo ya chupa ya Fanta. Maduka makubwa hayakumtaka mtu wa chupa. Waliuza walichotumiwa kutoka makao makuu, na makao makuu hayakuwahi kucheza kwenye arusi ya kule Khwisero. Bwana Phineas alimtaka. Alilipia studio, akaagiza santuri zichapwe, na sasa kreti lilikuwa limefika. Siku ya soko, Jumamosi, Masinde mwenyewe angekuwepo barazani, na watu wangeonja.

"Wimbo huu hauko Kinubi," alisema Bwana Phineas siku ya Ijumaa, akilipapasa kreti. "Wakiupenda, wataturudia. Na hii nayo ikikaanga mbele ya watu, Kageha, nitafunga mlango siku hiyohiyo. Sitakuwa na uso wa kuufungua tena."

Asubuhi ya Jumamosi Bwana Phineas alikwenda stendi ya basi kumpokea Masinde. Kageha alibaki kufagia. Alipomaliza kufagia, alitamani kuwa mtu wa kwanza Kakamega kuusikia wimbo ule. Alinawa mikono, akaikausha, akatoa santuri ya kwanza kwenye kreti. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, haina hata vumbi. Akazungusha mkono wa gramafoni, akatia sindano kutoka katika kikopo, akaishusha.

Gita likaingia, kisha chupa, kisha sauti ya Masinde. Kageha alisimama katikati ya duka akitabasamu peke yake. Wimbo ulipokwisha alibadilisha sindano kama alivyofundishwa, akaupiga tena.

Safari hii samaki walikaangwa.

Alidhani amesikia vibaya. Akaupiga mara ya tatu. Sasa sauti ya chupa ilimezwa kabisa na mchakacho. Kageha aliinua santuri karibu na mlango, penye mwanga. Juu ya ule weusi palikuwa na kijia cha kijivu, kama mahali mtu alipoburuta mguu wa meza. Alichomoa sindano. Ilikuwa na unga mweusi nchani. Alipoifuta na kuitazama kwa makini, aliona ncha yake haikuwa laini. Ilikuwa na meno madogo madogo, yaliyoachwa na jiwe.

Santuri hii ilikuwa imetoka ndani ya kreti. Hakuna dereva aliyeigusa, wala mteja aliyeionja. Cleophas hakuwa amekanyaga dukani siku nyingi. Kageha alitazama huku na huku kwa mazoea, akimtafuta wa kumshuku, na dukani hapakuwa na mtu ila yeye.

Akaketi sakafuni. Kila santuri iliyoonjwa hapo ilikuwa imechunwa na sindano zake. Wateja walionunua sindano za kikopo hicho walizipeleka nyumbani kwao wakaendelea kuchuna. Santuri za Kinubi hazikukaanga kwa kuwa Kinubi hawakuonjesha.

Aliminya kikopo mkononi. Sindano mpya na zilizonolewa zilikuwa zimechanganyika, zote zinang'aa, na hapakuwa na muda wa kuzitenga. Watu walikwisha kuanza kuja sokoni. Ndipo wazo likamjia, na lilikuwa wazo la kimya. Kinubi wana sindano. Akipata kikopo kimoja kipya, akakibadilisha na hiki, wimbo utatoka safi. Duka litapona. Hakuna atakayejua, na Cleophas, basi, watu wataendelea kufikiri walichofikiri.

Aliificha santuri iliyoharibika chini ya kaunta, akafunga mlango, akakimbia.

Ndani ya Kinubi palinukia rangi mpya. Nyuma ya kioo alisimama meneja, Bwana Kiplagat, mtu mrefu kutoka upande wa Eldoret, aliyevaa tai.

"Naomba kikopo cha sindano," alisema Kageha akihema. "Baba yangu atalipa."

Kiplagat alimtazama vizuri. "Wewe ni msichana wa Phineas, siyo? Afadhali umekuja. Fundi wenu alipotelea wapi?"

Kageha alitazama mlango.

"Njoo uone shida yangu." Alimpeleka chumba cha nyuma. Sakafuni palikuwa na gramafoni zimepangwa, nyingine zimekatika springi, nyingine hazina mkono. "Sisi tunauza tu. Kitu kikiharibika, makao makuu wanataka kirudi Nairobi, na mteja anangoja mpaka anachoka. Fundi wenu alikuja akasema, kazi yenu ni kuuza, kazi yetu kwa Phineas ni kuponya. Alikuwa anabebanga moja moja kwenye gunia, anatengenezea kwake. Nilimwambia apite mbele kama mtu. Akakataa. Akasema mkubwa wake ataudhika, atamweleza mwenyewe pole pole akishaona faida."

"Gramafoni," alisema Kageha.

"Ulidhani nini? Na hakutaka pesa. Alisema sindano zimeadimika kwenu, nimlipe kwa sindano." Kiplagat alivuta droo akatoa vikopo vya bati, vingali vimefungwa karatasi zake. "Hivi ni vyake. Nilimwekea, hakurudi. Mpelekee."

Kageha alivipokea. Alikuja kutafuta kikopo cha kufunikia kosa lake, na sasa alikuwa amebeba mshahara wa mtu aliyemsingizia. Alitoka bila kuaga. Njiani machozi yalimtoka, akayapangusa kwa mkono wa gauni, na yakatoka tena.

Alipofika, baraza lilikuwa limejaa. Mzee Ismael alikuwa amekaa mbele, mikono kifuani, uso wa mtu aliyekuja kuhakikisha. Mwalimu alikuwapo. Masinde alisimama na gita lake, mwenzake ameshika chupa. Bwana Phineas alikuwa ameweka gramafoni juu ya meza, santuri mpya imekwisha tulia mahali pake, naye alikuwa akiingiza vidole katika kile kikopo cha zamani. Ng'ambo ya barabara, miongoni mwa baiskeli, Cleophas alikuwa amesimama. Alitazama, lakini hakuvuka.

Kageha angeweza kusema, "Baba, tumia hizi." Maneno matatu, na mambo yangekwisha hapo. Aliyapanga mdomoni. Kisha akamwona Cleophas akigeuka kurudi kwenye baiskeli zake.

"Baba, usiiweke sindano hiyo," alisema.

Baba yake alimtazama. Watu wote walimtazama.

"Nimezinoa mimi. Zile tunazotupa, nilizinoa kwa jiwe la Guku, nikazirudisha ndani. Nilitaka zisiishe. Ndizo zinazoharibu santuri. Si mtu mwingine." Akaendelea kwa sababu alijua akinyamaza hatamaliza. "Na Fundi Cleophas sikumwona na santuri. Niliona gunia tu. Nilidanganya. Alikuwa amebeba gramafoni za Kinubi kwenda kutengeneza, na alitaka alipwe sindano, azilete hapa kwetu. Hizi hapa."

Akaviweka vikopo mezani. Soko lilionekana limepunguza kelele. Kageha alingoja kofi, na angelipokea.

Bwana Phineas alitazama sindano mkononi mwake, akaigeuza ncha kwenye mwanga, akaiona ilivyochongoka vibaya. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa mji ule walilizungumza muda mrefu. Hakumwita Cleophas. Alikichukua kile kigoda mwenyewe, akashuka barazani, akavuka barabara nacho mikononi, mkokoteni ukimsubiri apite.

"Nilikufukuza mbele ya watu," alimwambia Cleophas, na sauti yake ilisikika mpaka upande wa pili. "Nakuomba msamaha mbele ya watu. Ulitaka kunieleza, nikakukatiza. Rudi ukae."

Cleophas alikitazama kigoda. "Nami niliingia kwa mlango wa nyuma," alisema. "Ningepita mbele, mtoto asingekuwa na gunia la kukisia." Akavipangusa vidole vyake vya grisi, akakipokea kigoda.

Ni Cleophas aliyefungua karatasi ya kikopo kipya, akatia sindano, akaishusha. Gita likaingia. Chupa ikaingia, kila mkwaruzo unasikika wazi. Sauti ya Masinde ikatoka safi, na Masinde mwenyewe, akiisikia kwa mara ya kwanza nje ya Nairobi, alisahau kupiga gita akabaki mdomo wazi. Watu wa barazani walianza kutikisa mabega. Mzee Ismael aliinama mpaka sikio lake likakaribia gramafoni, akasikiliza wimbo wote hivyo.

"Haikaangi," alisema mwishowe. "Nifungie mbili. Na zile nilizonunua zamani, je?"

"Zote zilizoharibika nitazibadilisha," alisema Bwana Phineas. "Itanichukua muda, lakini nitazibadilisha. Na kuanzia leo, anayeonja atachagua sindano mwenyewe na kuitazama kabla haijaguswa."

Mwalimu alikohoa. "Mimi niliambia watu kwamba unauza zilizotumika."

"Basi waambie hao watu ulichosikia leo," alisema Bwana Phineas, na baraza likacheka, naye mwalimu akacheka kwa haya.

Jioni ile, nyumbani, Kageha hakula. Guku Navalayo alimkuta ameketi kando ya lile jiwe, akamsogelea, akakaa.

"Baba yako ameniambia."

"Nilitaka kusaidia, Guku. Nilikuona wewe unanoa."

"Mimi nilinoa panga. Panga linakata nyasi, na nyasi zinaota tena. Sauti iliyochunwa kwenye santuri haioti. Lakini hilo hukulijua, na kosa la kutojua tunalisamehe. Dawa yake ni kuuliza." Bibi aliupapasa uso wa jiwe. "Lile la pili ulilijua. Uliona gunia, ukasema santuri. Jina la mtu nalo halioti upesi, mjukuu wangu. Watu wakikuambia kuna mwizi, tazama kwanza mkono wako mwenyewe. Ukiwa safi, sema ulichoona. Usichoona, sema sijui. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusema sijui."

"Na Fundi akikataa kunisamehe?"

"Leo umesema kweli mahali ambapo uongo ungekufaa. Hilo ameliona. Yaliyobaki si ya kulia, ni ya kutenda."

Jumatatu, shule ilipokwisha, Kageha alifika dukani akamkuta Cleophas amesimama, tayari kutoka. Baba yake alikuwa akiandika kibao kwa rangi nyekundu: GRAMAFONI YOYOTE, ILIYONUNULIWA POPOTE, HUTENGENEZWA HAPA.

"Nakwenda Kinubi kuchukua zile za sakafuni," alisema Cleophas. "Ni nzito kwa mtu mmoja."

Kageha aliweka mkoba chini. Walivuka soko pamoja, wakaingia kwa mlango wa mbele, wakapita vioo na taa, wakatoka na gramafoni, yeye ameshika upande mmoja na fundi upande wa pili. Waliibeba wazi katikati ya mji, kila mtu aione. Mbele ya kibanda cha muuza ndizi, Cleophas alianza kupiga mluzi. Ulikuwa wimbo wa Masinde.